Jinsi ya kuandika tarehe ya "ilihaririwa mwisho" kwa kufuata HTML

Tarehe hii huonyesha ukurasa wa wavuti ulibadilishwa lini, na kwenye HTML (lugha ya kuundia kurasa hizo) ina wasomaji wawili, mtu na mashine. Mtu mwandikie kwa lugha yake ya kawaida. Mashine iandikie kwenye atributi (sifa ya tagi) iitwayo datetime, ndani ya tagi (alama ya HTML) iitwayo time:

`<p>Ilihaririwa mwisho: <time datetime="2024-03-09">9 Machi 2024</time></p>`

Mwaka una tarakimu 4, mwezi 2, siku 2, na katikati vistari. Sifuri ya mbele haiachwi: ukiandika 2024-3-9, kihakiki cha W3C (chombo cha shirika la viwango vya wavuti cha kukagua HTML) kitaikataa. Ukiondoa datetime, maandishi yaliyo ndani ya tagi ndiyo yatakayosomwa kama tarehe, na hapo "9 Machi 2024" huwa kosa.

Ukitaka kuweka na saa, ongeza herufi T, saa kwa mfumo wa saa 24, kisha tofauti na UTC (saa ya rejea ya dunia): `2024-03-09T14:30+03:00`. Wakati huohuo kwa UTC ni `2024-03-09T11:30Z`. Sekunde si lazima. Tofauti ya UTC usiiache: tagi ya time itakubali bila hiyo, lakini hakuna atakayejua ni 14:30 ya wapi. Kwenye ins na del (tagi za maandishi yaliyoongezwa na yaliyofutwa), saa isiyo na tofauti hiyo ni kosa moja kwa moja.

Kinachopotosha watu zaidi ni `document.lastModified` ya JavaScript (lugha ya programu ya vivinjari), inayotoa tarehe ya kubadilishwa kwa ukurasa. Seva isipotuma heda (taarifa inayotangulia ukurasa) ya Last-Modified, jambo la kawaida kwa kurasa zinazotengenezwa papo hapo, kivinjari hurudisha saa ya sasa. Basi kila anayefungua ukurasa anaambiwa umehaririwa sekunde hiyohiyo. Tena mpangilio wake ni mwezi/siku/mwaka, haufai kupachikwa kwenye datetime.

Tarehe ya faili nayo ina mtego, maana hubadilika faili linaponakiliwa kwenye seva. Kwa PHP, lugha ya programu za seva, `date('c', filemtime(__FILE__))` hutoa mpangilio sahihi, ila hakikisha upakiaji wako unahifadhi tarehe za awali. Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili) haizihifadhi; huko tumia `git log -1 --format=%cI -- ukurasa.html`. Njia salama kuliko zote ni kuhifadhi tarehe pamoja na makala, na kuibadilisha maudhui yanapobadilika tu, si kila unapogusa rangi au menyu. Thamani hiyohiyo ndiyo iende kwenye dateModified ya JSON-LD (data ya ukurasa kwa ajili ya mashine, kama injini za utafutaji) na lastmod ya ramani ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya kurasa).

Heda ya Last-Modified ina sheria yake: `Sat, 09 Mar 2024 11:30:00 GMT`. Ni kwa Kiingereza na GMT daima, hata kama ukurasa wenyewe ni wa Kiswahili.