Makaa, maganda na Yaka: kubana matumizi kuanzia jikoni

Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka masaa 5 kila usiku hula yuniti moja na theluthi hivi kwa mwezi mzima. Anayezunguka nyumba akizima taa huku maharage yanatokota masaa 3 bila mfuniko amekosea mlango. Nyumba nyingi za Uganda hupika kwa makaa au kuni, hata zile zenye stima, na sehemu kubwa ya taka zao ni maganda ya matooke, muhogo na viazi. Pesa inaponyoka jikoni na taka zinatoka hapo hapo. (Tunasema stima kwa sababu hapa kwetu Umeme lilikuwa jina la kampuni iliyoisambaza mpaka mwisho wa Machi 2025, kisha UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua. Yaka ni mfumo wa kulipia stima kabla ya kuitumia.)

Sigiri yenyewe

Sigiri (jiko la makaa) ya bati tupu hupasha joto ua mzima. Sogeza kiganja ubavuni mwake, bila kuigusa, utalisikia joto lililopaswa kuwa chini ya sufuria. Ile yenye udongo ndani hulizuia. Ukienda kununua, gonga udongo kwa kifundo cha kidole: mlio mkali kama wa chungu kizima ni dalili njema, mlio mzito uliokufa maana yake kuna ufa. Itikise, udongo ukicheza ndani ya bati, utavunjika kabla ya mwaka kuisha. Fungua na kufunga kile kimlango cha chini. Kisipofunga vizuri, iache, maana hicho ndicho usukani wa moto wako.

Siku mbili za mwanzo washa moto mdogo tu ili unyevu uliobaki kwenye udongo utoke polepole. Na usizime makaa kwa kumwaga maji ndani ya sigiri, hata mara moja. Udongo wa moto ukipigwa na maji baridi hupasuka, na sigiri nyingi zilizopasuka mapema zimeuawa hivyo.

Kuwasha kwa kaveera (mfuko wa plastiki) ni mazoea ya nyumba nyingi. Kweli inashika haraka, lakini moshi wake ni sumu, na plastiki iliyoyeyuka huziba matundu. Magunzi makavu, maganda ya chungwa yaliyokaushwa, au majani makavu ya ndizi yaliyosokotwa yanafanya kazi hiyo hiyo. Vunja makaa yalingane, kama ukubwa wa yai. Vipande vikubwa huchelewa kushika. Vumbi huziba hewa. Jaza hadi chini kidogo ya ukingo wa udongo, si zaidi. Makaa yanayogusa sufuria hukosa hewa juu, na yale yanayofurika pembeni yanapasha upepo.

Washa moto kimlango kikiwa wazi kabisa. Chungu kikishachemka, kifunge kibaki robo. Maji yanayochemka kwa fujo hayana joto kuliko yanayochemka kwa utulivu. Tofauti ni mvuke unaopotea. Matooke yaliyofungwa kwenye majani yanahitaji mvuke usiokatika, na mvuke huo hutoka hata kwenye moto mdogo mradi maji ya chini yasiishe.

Chakula kikiiva na makaa bado mekundu, yachukue kwa koleo uyatie kwenye chungu cha udongo au kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Yatazimika kwa kukosa hewa na utayatumia kesho. Usiyarudishe guniani siku hiyo hiyo: kaa linaloonekana jeusi linaweza kuwa na moto katikati, na gunia likashika usiku.

Jambo moja halina mjadala. Sigiri yenye makaa hailali chumbani, hata mvua ikinyesha, hata ikiwa imebaki "joto tu". Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kukimbia.

Maharage, mla makaa mkuu

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, iliyo juu zaidi, ni 94 au chini kidogo. Ndiyo maana maharage yanayoiva upesi Mombasa yanakusumbua huku.

Kilo moja ya maharage iloweke kwenye lita 3 za maji kwa masaa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo, weka mapya. Chumvi na nyanya ziingie yakishalainika. Nyanya hasa, kwa sababu uchachu wake hukawiza ganda kulainika. Magadi kidogo huharakisha, lakini hupunguza vitamini B1 na ukizidisha ladha inakuwa ya sabuni. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani mwaka na zaidi ni kesi nyingine: hayo hata uyaloweke siku mbili yatabaki magumu. Nunua kidogo upime kabla ya kununua gunia.

Kisha kapu la kutunza joto, ambamo chakula humalizia kuiva bila moto. Chukua kapu kubwa au boksi, tandika blanketi kuukuu au majani makavu ya ndizi yaliyoshindiliwa, unene wa sentimita 10 chini na pande zote. Maharage yaliyolowekwa yachemke sana kwa dakika 30. Usipunguze hapo: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibika kwa mchemko wa kweli tu, si kwa joto la uvuguvugu. Toa sufuria ikiwa imefunikwa, iingize kapuni mara moja, weka mto au blanketi jingine juu, acha masaa 3 hadi 4. Ukitoa, ichemshe tena dakika 10 halafu uyaunge. Mchele unahitaji mchemko wa dakika 5, kisha saa moja kapuni, na maji upunguze kidogo kwa sababu hayapotei kwa mvuke.

Kapu likishindwa, sababu huwa moja kati ya tatu: sufuria ilikuwa nusu tupu, hivyo joto likawa dogo tangu mwanzo, mtu alifungua kuchungulia, au mfuniko haukai sawa. Usiache chakula kapuni mpaka asubuhi. Kikishakuwa vuguvugu ni kitanda cha vijidudu.

Vumbi la chini ya gunia

Kila gunia huacha vumbi na vipande vidogo, na wengi huvimwaga shimoni. Hayo ni makaa uliyolipia. Vumbi likijaa ndoo ya lita 10, ligeuze briketi, yaani madonge ya kupikia, hivi.

Ponda vipande, chekecha, toa mawe na vijiti. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji: makaa mengi yataelea, udongo utazama. Kikizama kingi, gunia lilijazwa kwa kukwangua chini, na briketi zako zitakuwa na jivu tele.

Gundi ni uji wa muhogo. Kikombe kimoja cha nusu lita cha unga kinatosha ndoo hiyo. Koroga unga kwenye nusu lita ya maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina polepole ndani ya lita 2 na nusu za maji yanayochemka, ukikoroga, hadi uji uwe wa kung'aa na kunata kama gundi ya fundi viatu. Ukitia unga moja kwa moja kwenye maji moto utapata mabonge, na penye bonge briketi huvunjikia hapo. Mwaga uji kwenye vumbi kidogo kidogo, ukikanda, na usione lazima uumalize wote. Kipimo ni ngumi: bana mchanganyiko, ufungue mkono. Ukishika umbo bila maji kuchuruzika kati ya vidole, tayari. Ukimomonyoka, ongeza uji. Ukichuruzika, ongeza vumbi.

Finyanga madonge ya ukubwa wa ndimu kubwa, au shindilia kwenye kipande cha bomba chenye upana wa sentimita 5 ukisukuma kwa mti. Makubwa zaidi ya hapo hukauka nje na kubaki mabichi ndani. Siku ya kwanza yakae kivulini; jua kali la ghafla hukausha ganda kabla ya kiini na kupasua. Halafu jua, ukiyageuza, siku 3 au 4 wakati wa kiangazi, wiki nzima wakati wa mvua. Vunja moja: katikati pakiwa na rangi ile ile ya nje na pakavu, weka stoo. Yakiota ukungu, hayakukauka haraka ya kutosha na muhogo umeanza kuoza.

Udongo wa mfinyanzi unaweza kuchukua nafasi ya muhogo, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya vumbi, ila jivu linakuwa zito na itabidi uzibue matundu ya sigiri katikati ya kupika. Muhogo ni bora, hata kama unauma kutia chakula motoni.

Washa makaa ya kawaida kwanza, briketi ziweke juu. Zinashika taratibu na moto wake si mkali lakini unadumu: nzuri kwa maharage, kwato na matooke, mbaya kwa chai ya asubuhi unapowahi taxi.

Na maganda ya matooke je? Yanaweza kuchomwa yakawa makaa, na wapo wanaofanya biashara hiyo. Kwa nyumba moja hesabu haivutii. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa ganda bichi ni maji. Kilo 10 zikikauka hazifiki kilo 3, na zikichomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo hubaki chini ya kilo moja. Tena zisipoungua kabisa, briketi zitatoa moshi. Ganda bichi lina thamani zaidi kwa mbuzi na ng'ombe wa jirani. Kama jirani ana mifugo, mpe maganda, naye akupe samadi.

Asiye na jirani wa hivyo afanye mboji. Katakata maganda vipande vya kidole, maana marefu hukaa miezi yakiwa kamba. Kwa kila beseni la maganda weka mabeseni mawili ya majani makavu, tabaka kwa tabaka, ndani ya gunia lililotobolewa pande zote. Geuza kila siku 7 hadi 10. Ikinuka, ina maji mengi na hewa haipiti: ongeza majani makavu au vumbi la mbao. Sisimizi wakihamia, imekauka sana: nyunyiza maji. Jivu la sigiri ni konzi moja tu kwa beseni. Miezi 2 au 3, ikinuka kama udongo baada ya mvua, ipeleke kwenye sukuma wiki na nakati. Kaveera haiozi, ichambue mwanzoni, kwa sababu kuitoa vipande vipande mwishoni ni adhabu.

Yaka

Bei za nyumbani hupangwa na ERA, mamlaka ya kudhibiti stima, na huweza kubadilika kila robo mwaka, ila mpangilio ndio huu: yuniti 15 za kwanza za mwezi ni za bei ya chini, za 16 hadi 80 ni bei kamili, 81 hadi 150 hushuka tena kwa ajili ya wanaopika kwa stima, na zaidi ya hapo hupanda. Hesabu inafuata jumla ya mwezi. Kununua elfu mbili mbili hakukupi yuniti nyingi kuliko kununua mara moja.

Ili kujua nani anakula, zima kila kitu ubakishe kifaa kimoja, kisha tazama taa nyekundu inayopepesa kwenye mita. Karibu nayo pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti, mara nyingi 1000. Hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha mara 60: kwa mita ya 1000, mipepeso 20 ni wati 1,200. Mita ikiwa juu ya nguzo na ndani una kibodi tu, soma salio kabla na baada ya nusu saa. Ukizima vyote na taa bado inapepesa, kuna waya unavuja au mtu amejiunga kwako. Mwite fundi mwenye leseni.

Sufuria ya presha ya stima ndiyo pekee tunayoweza kusema ishindane na makaa kwa maharage. Inafungia mvuke, joto linapita nyuzi 100, na nusu kilo iliyolowekwa huiva kwa takriban nusu yuniti. Jiko la stima la koili ya wazi hufanya kazi hiyo kwa mara kadhaa ya hapo. Birika la lita 1 na nusu hutumia karibu yuniti 0.15 kila likichemka, kwa hiyo chemsha vikombe unavyohitaji na vilivyobaki vitie chupa ya chai. Piga pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo, ukianza na zile zisizotaka moto mwingi wakati pasi bado inapanda. Na ile bafu ya kuchemsha maji papo hapo, ya wati 5,000: dakika 8 za mtu mmoja ni theluthi mbili za yuniti, ambayo ni sawa na ile taa ya LED kuwaka kwa wiki mbili.