Kupunguza Joto na Kelele za Kadi ya Grafiki Inapofanya Kazi Nzito

Katika chumba changu cha kutengenezea katuni hapa Ntinda, Kampala, kompyuta iko hatua mbili tu kutoka kwenye maikrofoni, na kwa muda mrefu sauti za waigizaji wetu zilirekodiwa pamoja na mvumo wa feni. Nilichojifunza ni kwamba kelele huanzia kwenye joto. Kwa hiyo punguza kwanza joto ambalo kadi ya grafiki inalizalisha, kisha ndipo ushughulikie feni. Watu wengi huanza na feni, nao huishia kuwa na kadi yenye kelele zaidi kwa kupungua nyuzi mbili tatu.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote. Sakinisha HWiNFO au GPU-Z, ambazo ni programu za kupima hali ya kadi, anzisha kazi yako halisi, kwa mfano kuchakata picha katika Blender, programu ya kutengenezea katuni, na uiache iendelee kwa dakika 20, kwa sababu chuma cha kupozea huchukua muda kupata moto kamili. Andika joto la kadi, joto la sehemu yake yenye moto zaidi, wati inazotumia na mizunguko ya feni kwa dakika, pamoja na joto la chumba. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 83 za Selsiasi. Kadi za AMD za miaka ya karibuni huruhusu sehemu yenye moto zaidi kufika hadi nyuzi 110, kwa hiyo usishtuke ukiona 95 hapo.

Hatua ya 2: Ondoa vumbi. Miezi ya Januari na Februari, vumbi jekundu la barabara za murram huingia hata penye madirisha yaliyofungwa, nalo hujaza nafasi kati ya mapezi ya alumini, yaani vipande vyembamba vya kutolea joto. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa kadi, kisha tumia brashi laini na blowa ndogo huku ukishikilia feni kwa kidole isizunguke. Fundi mmoja aliwahi kunisafishia kadi akaziacha feni zizunguke kwa nguvu ya upepo, na feni moja ilianza kukwaruza siku hiyo hiyo. Vilevile usitumie upepo wa kujazia tairi kwenye vituo vya mafuta, kwa kuwa mara nyingi hutoka na matone ya maji au oili.

Hatua ya 3: Hakikisha hewa inapita. Feni moja au mbili za mbele ziingize hewa, ya nyuma iitoe, na kasha lisisukumwe hadi ukutani. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, hivyo feni ile ile huondoa joto pungufu, na upungufu wowote wa nafasi huonekana upesi.

Hatua ya 4: Punguza umeme unaotumiwa na kadi. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, nami ningependa kila msomaji aijaribu. Umeme unaotumiwa na chipu hupanda kwa uwiano wa masafa yake, yaani kasi ya mapigo yake, na kwa mraba wa volteji. Ukishusha volteji kutoka 1.05 hadi 0.90 bila kugusa masafa, sehemu hiyo ya matumizi hupungua kwa zaidi ya robo.

Njia rahisi ni kushusha kikomo cha wati. Katika MSI Afterburner, programu ya kurekebisha mipangilio ya kadi, sogeza kikomo hicho hadi asilimia 80, kisha pima tena. Kwenye Linux, kwa kadi ya RTX 3060 ambayo kikomo chake cha kawaida ni wati 170, andika kwenye dirisha la maagizo (terminal):

sudo nvidia-smi -pl 140

Agizo hilo hufutika kompyuta ikizimwa, kwa hiyo liweke kwenye orodha ya mambo yanayoanza pamoja na mfumo.

Njia ya pili ni kushusha volteji yenyewe. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F ili uone mchoro wa volteji na masafa. Shusha mchoro wote, kisha inua nukta ya milivolti 900 peke yake hadi masafa ambayo kadi yako huyafikia kwa kawaida ikiwa na kazi, na uhifadhi. Nukta zote za kulia zitalala bapa. Programu ikijifunga au vidoa vya rangi vikitokea, ongeza milivolti 25 na ujaribu upya kwa angalau saa moja.

Hatua ya 5: Sasa panga feni. Mimi hutumia asilimia 40 kwenye nyuzi 60, asilimia 55 kwenye 70, asilimia 75 kwenye 80, na nguvu zote kwenye 88. Kupunguza mizunguko kutoka 1,800 hadi 1,500 hushusha kelele za upepo kwa takriban desibeli 4. Weka pia tofauti ya nyuzi 4 au 5 kabla ya feni kushuka, maana sikio huchoshwa zaidi na feni inayopanda na kushuka kuliko mvumo usiobadilika.

Hatua ya 6: Ikiwa sehemu yenye moto zaidi bado inazidi joto la kawaida la kadi kwa zaidi ya nyuzi 25, huenda pasta ya kupitisha joto imekauka. Ibadilishe, na upime unene wa pedi za memori, yaani vipande laini vinavyopitisha joto la chipu za memori, kabla ya kununua mpya, kwa sababu pedi nene kupita kiasi huinua chuma cha kupozea kisigusane vizuri na chipu. Baadaye rudia kipimo cha dakika 20 cha hatua ya kwanza, kwa kazi ile ile na, ikiwezekana, saa ile ile ya mchana.