Panga mechi zako za DNA kwa rangi kabla hujaandikia mtu yeyote

Majibu ya kipimo yakishaingia utaona mechi, yaani watu waliopima ambao mnashiriki DNA; usikimbilie kutumia kila mtu meseji ya "tunahusiana aje", utachoka bure. Wapange kwanza. Mimi natumia njia ya Mmarekani anaitwa Dana Leeds, aliitoa 2018, na unahitaji Excel tu, hata kwa simu ukiwa ndani ya matatu Thika Road imesimama.

Andika majina ya wenye sentimogani (kipimo cha DNA mnayoshiriki) 400 kushuka hadi 90. Wa juu ya 400 waruke, binamu wa kwanza kwa mfano mnashiriki kama 866 na yeye ametoka kwa guka na shosho (babu na bibi) wote wawili, atakuchanganyia rangi. Wa kwanza kwa orodha mpe kijani, fungua orodha ya mechi zenu za pamoja, wale wanaofanana na nyinyi wawili, kila aliye humo na yuko kwa orodha yako naye mpe kijani. Shuka hadi upate mtu hana rangi, mpe manjano, rudia hivyo hivyo. Ikienda vizuri unabaki na rangi nne, yaani guka wawili na shosho wawili. Mtu akishika mbili usishtuke, mara nyingi hizo rangi ni za upande mmoja.

Huku kwetu waliopima bado ni wachache, unaweza pata watu watatu tu, so shuka hadi 40, na tafadhali pimisha wazee wakiwa bado wako.

Sasa hapa ndio watu hupotea: guka akiwa alioa wake wawili. Mjukuu wa nyumba ile ingine mtashiriki kama 449, na mtoto wa binamu yako kamili ni kama 433, kwa hivyo namba pekee haitakwambia kitu, uliza nyumbani. Lakini ukishajua ni wa nyumba ile ingine huyo ni dhahabu hata kama amepita 400, mrudishe kwa orodha, kwa sababu mnayeshiriki ni guka peke yake na mechi zenu za pamoja kwa kawaida ni za guka. Isipokuwa hao wake wawe walikuwa dada.

Mimi nilienda ushago na karatasi nimeprinti, nikamsomea shosho majina ya manjano pole pole. La tatu akanishika mkono, akasema huyo ni mjukuu wa dada yake aliyeolewa Nyandarua. Nikaandika hapo hapo, na manjano yote, watu 11, ikawa ni kwao shosho.