Kuanzisha Malema Yenye Mianya Miongoni mwa Wavuvi wa Lamu

Lema, yaani mtego wa samaki uliosukwa kwa fito, likiwa la kawaida lenye matundu madogo halichagui. Tafi mchanga akiingia pamoja na kitatange asiye na soko, wote hubaki humo hadi lipandishwe, na mvuvi hurudi bandarini na samaki wengi wa fedha kidogo. Lema lenye mwanya, ambalo limekwisha kujaribiwa katika pwani ya Kenya, huachiwa uwazi wa wima ubavuni, wenye upana wa takriban sentimita 3 hadi 4, ili samaki wachanga na wembamba watoke wenyewe na wakubwa wabaki. Kingo za uwazi huo zifungwe fremu ngumu, kwa kuwa fito zikilegea mwanya hupanuka na hata samaki wa bei hupotea.

Kamati ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi na wadau kinachosimamia bandari ya uvuvi, isianze kwa kuamuru. Ichague wavuvi wachache wanaosikilizwa bandarini, wakiwamo wazee, kila mmoja atege malema ya zamani na mapya katika mwamba mmoja, kwa chambo kilekile na kwa siku zilezile. Jaribio lifanywe wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, na lidumu angalau tangu bamvua (maji makuu) moja hadi jingine, kwa sababu mkondo hubadili mapato. Samaki wa kila aina ya lema wapimwe na kuuzwa mbali mbali, na kinacholinganishwa kiwe fedha, si idadi ya samaki.

Jambo ambalo miradi mingi hulipita upesi, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote, ni riziki ya mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza samaki. Samaki wadogo ndio mtaji wao, kwani ndio wanaoweza kuwanunua, kuwakaanga na kuwauza vipande vya bei nafuu mitaani. Mwanya unaomwachia tafi mchanga humpunguzia mama huyo bidhaa kabla hajaona faida yoyote. Waitwe tangu kikao cha kwanza, na wakubaliane na wavuvi kuhusu fungu watakalouziwa kwa bei wanayoimudu. Tajiri aliyekopesha chombo au zana naye ahusishwe, maana mvuvi anayemlipa kwa samaki hana uhuru wa kubadili mtego peke yake.

Matokeo yakiridhisha, bandari iandike kanuni yake, ikiruhusu malema ya zamani yatumike hadi yachakae na kila jipya lisukwe likiwa na mwanya.