Timu inataka kuhama uwanja wake wa zamani wa besiboli? Uliza haya kabla hujakubali

Kama unakaa Marekani na timu ya mji wako imeanza kulialia kwamba uwanja umechoka, usikimbilie kusema ihame wala ibaki, maana mabosi watakuja na picha za uwanja mpya zinazong'aa, wazee wa mtaani watakuja na kumbukumbu za babu zao, na hakuna hata mmoja hapo atakayekwambia bili analipa nani.

Anza na lile neno la mabosi, "haukarabatiki". Usilimeze hivi hivi. Fenway Park ya Boston na Tiger Stadium ya Detroit vilifunguliwa siku moja, 20 Aprili 1912, yani mapacha kabisa. Mwaka 1999 wenye Red Sox, timu ya Boston, wakasema Fenway imekwisha, wanataka kujenga mwingine pembeni yake kwa dola milioni 545, na sehemu nzuri ya hela itoke serikalini. Mashabiki wakagoma. Timu ikauzwa 2002 kwa kina John Henry, na hawa wapya badala ya kubomoa wakaweka viti juu ya ule ukuta mrefu wa kijani, Green Monster, mwaka 2003, mwaka uliofuata wakapandisha vingine juu ya paa upande wa kulia, wakaendelea hivyo hivyo kila msimu ukiisha kwa miaka kama 10, jumla ikala kama dola milioni 285. Tiketi zilikuwa zinaisha mechi zote tangu Mei 2003 mpaka Aprili 2013, na katikati hapo wakabeba ubingwa 2004 na 2007. Uwanja ule ule walioambiwa umekufa!

Detroit nao mashabiki walileta mpango wa ukarabati mwaka 1990, waliuita Cochrane Plan, makadirio milioni 26 tu. Timu haikutaka hata kuusikia. Wakacheza mechi ya mwisho Septemba 1999, wakahamia Comerica Park 2000, uwanja wa kama milioni 300, halafu 2003 wakafungwa mechi 119. Sisemi uwanja ndo uliwafungisha, ila ukiambiwa uwanja mpya utaleta hela za kununua wachezaji wazuri, wakumbushe hao.

Kwa hiyo omba ripoti ya mainjinia na uangalie nani aliilipia. Ndani yake tenganisha vitu viwili ambavyo huwa vinachanganywa makusudi: chuma na zege kuoza ni tatizo la usalama, lakini uhaba wa boksi za matajiri, vile vyumba vya kifahari vya kutazamia mechi, ni tatizo la mapato ya mwenye timu, sio lako. Hata zile nguzo zinazolalamikiwa kila siku, ni kweli ukikaa nyuma yake unaona nusu ya mechi, ila ndo hizo zilizobeba jukwaa la juu likawa karibu kabisa na wachezaji. Viwanja vipya havina nguzo, lakini boksi zimewekwa katikati na wewe wa tiketi ya bei poa umesukumwa juu na nyuma huko.

Umri nao usikutishe, hata uwanja mchanga huachwa. Atlanta Braves walicheza Turner Field kuanzia 1997 mpaka 2016, misimu 20 tu, wakahamia Cobb County nje ya mji, kaunti ikachangia kama milioni 300, na pembeni wakajenga maduka, hoteli na ofisi zao wenyewe. Treni ya mji wa Atlanta, MARTA, haifiki huko. Ndo maana mimi swali la usafiri naliweka juu sana, Fenway na Wrigley Field ya Chicago unashuka kwenye treni unatembea kidogo umefika, na baa na wauza soseji wa mtaani nao wanapata chochote.

Lakini kung'ang'ania jengo napo kunaweza kukuponza. Kule Brooklyn, New York, Walter O'Malley, mwenye timu ya Dodgers, alikuwa tayari kujenga kwa hela zake uwanja mpya hapo hapo Brooklyn, alichotaka ni mji umsaidie kupata kiwanja, Robert Moses, kigogo wa mipango na ujenzi wa New York, akamkatalia, na baada ya msimu wa 1957 Dodgers wakaenda zao Los Angeles. Uwanja wao wa zamani, Ebbets Field, ukavunjwa 1960. Mwenye timu akija na hela yake na akabaki mjini, msikilize vizuri.

Ukienda kwenye kikao cha halmashauri, au kabla ya kura kama ile ya Jackson County, Missouri, Aprili 2024 ambapo wananchi waliikataa kodi ya mauzo kwa ajili ya viwanja, dai majibu kwa maandishi: gharama zikizidi nani anafidia, mkataba wa kupanga ni miaka mingapi, mapato ya parking yanaenda kwa nani, na uwanja wa zamani utafanywa nini na kwa hela ya nani. Hilo la mwisho watu hulisahau sana, Tiger Stadium ilikaa bila timu karibu miaka tisa ndo wakaanza kuibomoa 2008.