Modeli imemnyima mtu mkopo? Hivi ndo unamwelezea mpaka aelewe

Kama umetengeneza modeli (programu inayojifunza kwa data ya zamani) ya kupima mikopo ya sacco hapa Kisumu, jua kuna siku mama wa omena kutoka soko la Kibuye atasimama kwa kaunta aulize mbona amenyimwa, na "sistimu imekataa" si jibu. Tena sheria ya kulinda data ya 2019, kifungu cha 35, inataka mtu ajulishwe kwa maandishi kama mashine peke yake ndo imeamua jambo linalomgusa sana, na anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Hatua ya kwanza, badilisha majina ya kolamu. "var_17" iite "siku alizochelewa kulipa". Fanya hii kabla ya kitu kingine chochote.

Ya pili, weka SHAP, zana ya Python inayoonyesha kila kitu kimesukuma jibu la modeli kiasi gani (pip install shap), na kama modeli yako ni ya XGBoost, yaani ya miti mingi ya maamuzi, tumia TreeExplainer yake. Usichore ile chati ya wateja wote, chukua huyu mama mmoja tu uchore waterfall yake, chati inayoonyesha hatua kwa hatua nini kimempandisha na nini kimemshusha.

Ya tatu, soma namba polepole, hapa ndo watu wengi hupotea. Tuseme modeli inaanzia 0.8 (wastani wake kabla ya kumwangalia huyu mama), madeni mengine yanamtoa 1.1, kuchelewa kulipa kunamtoa 0.6, akiba inamwongezea 0.2, anaishia -0.7, na chini ya sifuri mkopo unakataliwa. Hizo namba kwa kawaida ziko kwa skeli ya log-odds (logi ya uwezekano wa kupita ukigawanywa kwa wa kukataliwa), si asilimia, so usiende kumwambia mtu ati deni limemkata asilimia 110. Pia vitu vinavyotembea pamoja, kama mauzo na idadi ya miamala ya M-Pesa, hugawana uzito, kila kimoja kinaonekana kidogo na kumbe pamoja ndo vimeamua. Na SHAP inaonyesha modeli imetumia nini, haisemi kama ni haki.

Ya nne, hakikisha. Toa hayo madeni kwa nakala ya rekodi yake, run modeli tena. Ikibaki imekataa, usimwahidi kitu, jaribu kupunguza na kuchelewa pia mpaka uone ni nini hasa kinageuza jibu.

Ya tano, andika sentensi mbili, za Kijaluo kama ndo anaelewa vizuri: "Mkopo umekataliwa juu ya madeni mawili ambayo hujamaliza. Ukiyalipa, kwa hesabu ya leo ungepita." Chini weka namba ya afisa ambaye ana nguvu ya kubadilisha uamuzi, si wa kupokea simu tu.