Jedwali la besiboli lisipolingana: pa kutafuta kosa

Jedwali la takwimu za mechi ya besiboli ni kama daftari la duka: kilichoingia lazima kionekane kilikoishia. Kila mpigaji anayemaliza zamu yake ya kupiga ana mwisho mmoja kati ya mitatu: amefunga, ametolewa, au ameachwa kwenye besi.

1. Namba za uwanjani. Mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, uwanja wa nje kushoto 7, kati 8, kulia 9. Angalia 5 na 6, ndizo watu huzichanganya. Tumia penseli, kwa sababu mwandishi rasmi akibadili pigo salama kuwa kosa la mlinzi, wewe ndiye wa kufuta.

2. Jumlisha safu zote.

3. Sawazisha kila timu. Upande mmoja weka AB (zamu za kupiga zinazohesabiwa rasmi), besi za bure (BB), waliogongwa na mpira (HBP), mapigo ya kujitoa ili mwenzako asogee (SH kwa mpira wa kugusa tu, SF kwa mpira wa juu) na waliopewa besi kwa kuzuiwa. Upande wa pili weka R (waliofunga), LOB (walioachwa kwenye besi) na PO za wapinzani (waliotolewa nao). Lazima zilingane. Don Larsen, mrushaji wa timu ya Yankees, tarehe 8 Oktoba 1956 kwenye World Series (fainali za ubingwa wa Marekani), hakumruhusu mchezaji wa Dodgers hata mmoja afike besi: AB 27 upande mmoja, R 0, LOB 0, PO 27 upande wa pili.

Zisipolingana, usianze kuchezea AB. Anza na LOB, hasa hapa: wawili wameshatolewa, mkimbiaji yuko besi ya kwanza, mpigaji anaupeleka mpira kwa 6, naye anaurusha kwa 4. Mkimbiaji anatolewa besi ya pili, watatu wametimia, na zamu ya timu yake kupiga imekwisha. Mpigaji je? Hakufunga, wala hakutolewa. Ni LOB, hata kama hakuwahi kukanyaga besi. Huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Halafu tazama PO. Si lazima ziwe 27. Kila zamu ya mchezo ina nusu mbili, wageni hupiga kwanza: wenyeji wakiwa mbele baada ya nusu ya kwanza ya zamu ya 9, hawapigi tena, kwa hiyo wageni wana PO 24 tu.

Mtego wa tatu ni wa karibuni. Tangu 2020, mechi za msimu wa kawaida za MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani) zikifika zamu ya 10, kila nusu huanza na mkimbiaji aliyewekwa besi ya pili bila kupiga. Ongeza 1 upande wa kwanza kwa kila nusu ya namna hiyo. Akifunga, mrushaji hahesabiwi ER (bao linaloandikwa juu ya mrushaji) kwa ajili yake.

Bado hazilingani? Acha jumla, pitia zamu moja moja: wapigaji wa timu katika zamu iliyokamilika (ukimhesabu na yule aliyewekwa besi ya pili) ni R + LOB + 3. Zamu iliyoharibika itajionyesha yenyewe. Programu za simu hukupa jumla na kukuficha njia. Karatasi ni bora.

4. ERA (wastani wa ER kwa zamu 9). IP (zamu alizorusha mrushaji) 5.2 maana yake ni zamu 5 na theluthi 2, yaani waliotolewa 17. Zidisha ER kwa 27, gawa kwa 17. ER 2 inatoa 3.18. Ukizidisha ER kwa 9 na kugawa kwa 5.2 kama desimali utapata 3.46, na mrushaji amedhulumiwa.